Kuunda kamati ya amani koo zinapogombana: nani aingie, nani aongoze

Kabla ya kumteua mtu yeyote, jua makundi yalivyo leo, si yalivyokuwa kabla ya fujo. Ugomvi wa malisho na visima hupanga watu upya haraka. Koo zilizokuwa zikinywesha kisima kimoja hutengana, na ukoo mdogo hujibanza kwa mkubwa ili mifugo yake isiporwe. Wengi hawaingii upande fulani kwa chuki. Wanamfuata atakayewasaidia kurudisha ngamia wakichukuliwa usiku.

Pita boma kwa boma na maswali matatu: mkivamiwa mnamwita nani, mnanywesha wapi siku hizi, na ni nani mmeacha kutembeleana naye? Jibu la tatu ndilo linaloonyesha mpaka ulipo. Wanawake na wachungaji waulize kando, kwa maana mbele ya wazee kila mtu atakwambia "sisi ni ndugu".

Kisha tafuta wanaoendelea kuvuka mpaka huo, uanze nao. Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mapigano ya koo ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 yalifika hadi sokoni, wanawake wakawa hawauziani maziwa wala mboga. Kikundi cha wanawake wa koo tofauti, akiwemo mpatanishi Dekha Ibrahim Abdi, kilianzia hapo hapo: mwanamke yeyote aruhusiwe kuuza na kununua, na kamati ndogo ya sokoni isimamie makubaliano hayo. Wazee na vijana waliingia baadaye. Ukianza na wazee, mkutano wa kwanza huishia kwenye kuhesabiana maiti.

Wazee wa koo kubwa watagombea uenyekiti. Usimpe hata mmoja wao. Wajir, mazungumzo ya wazee yaliongozwa na watu wa koo ndogo zisizokuwa vitani, yakazaa makubaliano ya amani yaitwayo Azimio la Al-Fatah mwaka 1993. Mwenyekiti wa namna hiyo hana jeshi nyuma yake, hivyo hakuna anayemwogopa, na kila upande unaweza kumkubali bila kuonekana umeshindwa.

Wajumbe 12 hadi 15 wanatosha. Wakizidi hapo, hutawakusanya kwa haraka. Gawa viti sawa kwa kila ukoo bila kujali wingi wa watu, la sivyo mtaanza kugombania hesabu ya vichwa. Wanawake wasipungue theluthi, na wachaguliwe na wanawake wenzao. Katika kiti cha vijana ndipo wengi hukosea: huletwa kijana msomi anayezungumza vizuri, ilhali wenye bunduki hawamsikilizi. Mjaribu kwanza. Mwambie arudishe mbuzi aliyeibiwa na vijana wa upande wake, umpe juma moja. Akishindwa, tafuta mwingine.

Chifu ahudhurie na apewe taarifa, ila asiongoze, maana yeye ni mkono wa serikali na huenda akalazimika kukamata mtu. Mbunge na diwani wapelekewe taarifa tu. Wakipewa kiti, kamati itakufa siku ya uchaguzi.

Posho pia huua kamati. Shirika likianza kulipa kila kikao, vikao vitaongezeka na utatuzi utapungua, na kiti cha mjumbe kitageuka ajira ya kugombaniwa. Rudisheni nauli na chakula, basi.

Kazi ya kwanza iwe kufika mahali pa tukio. Kila upande uteue watu wawili ambao simu zao hazizimwi. Mifugo ikiibwa, wanne hao waende pamoja, gari moja, siku hiyo hiyo, kabla uvumi haujageuza wezi watatu kuwa ukoo mzima. Wakienda kila mmoja na watu wake, wanakwenda kuongeza wapiganaji.

Dia, yaani fidia ambayo ukoo wa muuaji huulipa ukoo wa aliyeuawa, ijadiliwe mapema, kukiwa shwari. Azimio la Modogashe la mwaka 2001, makubaliano ya amani ya kaskazini mashariki mwa Kenya, liliweka mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke, na tofauti hiyo imelaumiwa kwa haki. Andikeni pia kwamba dia haimwondolei muuaji mashtaka. Bila kifungu hicho, ukoo tajiri utajiona umelipia ruhusa ya kuua, na polisi wakija kukamata, wazee watasema mmevunja makubaliano.