Kuvuta boti kwa trela bila kuacha gurudumu njiani

Wengi tukinunua boti ya faiba tunaikagua toka omo (mbele) hata tezi (nyuma), tunasikiliza mashine, tunagonga gonga mkuku, ule uti wa chini ya boti, kujua kama umekunywa maji, alafu trela tunaitupia jicho moja tu tunasema hii ipo. Mi nilikuwa hivohivo. Boti yangu ni futi 16, mashine hosipawa 40, inalala nyumbani hapa Tanga mjini, ivo kila nikienda kuvua lazima niivute, mara Raskazone, mara Mwambani, mara nateremka nayo mpaka Kigombe au Pangani. Miaka yote hiyo boti yenyewe haijanisumbua sana, shida zote kubwa zimetoka kwenye trela.

Iliyonifunza ilikuwa njia ya Pangani, enzi hizo vumbi tupu. Nimepita kidogo Tongoni nasikia harufu kama breki zinaungua, kucheki saitimira naona moshi mwembamba gurudumu la kushoto, nashuka nakuta grisi imetapakaa rimu nzima na gurudumu ukilishika linacheza kama jino la mtoto. Tulikaa pale toka saa tatu asubuhi mpaka alasiri, samaki wa siku ile tukawasamehe. Fundi aliyekuja na bodaboda, mtu mzima, alichovya kidole kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu kinachokaa beringi, akanionyesha, grisi imekuwa nyeupe kama tui. Akaniambia, "Mwanangu, hii sio grisi tena, umeweka bahari humu ndani."

Na ndo ilivyo. Ukivuta trela kilomita ishirini thelathini habu inapata moto, hewa iliyo ndani inatanuka na nyingine inatoka. Ukifika tu ukairudisha trela majini ile moto vilevile, habu inapoa ghafla, hewa iliyobaki inasinyaa, basi inavuta kilicho karibu, na kilicho karibu ni maji ya chumvi, yanapita kwenye oilsili, ule mpira wa kuziba nyuma ya habu, hata ikiwa imechoka kidogo tu. Siku ile hutaona kitu. Utaona wiki tatu baadae, beringi imeshakula kutu, na itakufia pale ambapo hakuna duka wala mti wa kivuli.

Kwahiyo la kwanza kabisa, ukifika pwani usikimbilie kushusha. Subiri nusu saa hivi mpaka uguse habu uone imepoa. Muda huo una kazi: pakia nyavu na maji ya kunywa, funga nguruzi, kile kizibo cha tundu la kutolea maji kwenye boti (naomba sana hii nguruzi, kuna watu wameshusha boti ikaanza kujaa maji mbele ya macho yao), fungua mikanda ya nyuma, chomoa plagi ya taa za trela maana balbu ya moto ikiingia maji baridi inapasuka. Ila mnyororo wa omo uache umefungwa mpaka trela iwe majini, boti ikiteleza kwenye rola ikadondoka mchangani ni faiba hiyo inapasuka.

Kupaka grisi kwenyewe sio kazi ya kuogopa. Jeki trela, weka magogo chini ya ekseli, usilale chini ya kitu kilichosimama kwa jeki peke yake. Toa gurudumu, toa kofia ya habu, nyoosha ile pini ya kufungia nati uitoe, fungua nati, vuta habu. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka uone chuma, kausha, alafu angalia beringi kwenye mwanga: rola zikiwa na vidoa, vishimo au rangi ya bluu ya kuungua, hiyo tupa, na ukibadili beringi badili na kikombe chake kilichokaa ndani ya habu, usioanishe kipya na kizee. Weka bonge la grisi kwenye kiganja, ile ya baharini isiyotolewa na maji, alafu gandamiza beringi kwenye kiganja upande ule mpana mpaka uone grisi inachomoza upande wa pili kati ya rola, zungusha kidogo, gandamiza tena, mpaka umalize mduara wote. Kupaka juu juu kama siagi kwenye mkate haisaidii kitu. Oilsili weka mpya kila ukifungua, ni bei ndogo sana ukilinganisha na kulala njiani.

Kwenye kukaza nati ndo wengi wanaharibu. Kaza huku unazungusha habu kwa mkono mpaka usikie inakuwa nzito, hapo beringi zimekaa, alafu legeza kama robo mzunguko mpaka tundu la pini lilingane, tia pini mpya. Rudisha gurudumu, lishike juu na chini ulitikise: lisiwe na mchezo wa kusikika, na ukilizungusha liende kimya bila kukwaruza. Mi nafanya mara mbili kwa mwaka, kaskazi ikianza na kusi ikianza, ukiwa unashusha kila wiki fanya kila miezi mitatu. Na nambari ya beringi imechongwa pembeni yake, iandike kwenye simu, nunua seti moja ya akiba na oilsili zake ikae kwenye gari pamoja na kopo la grisi. Siku ile njia ya Pangani ningekuwa nayo tungeondoka kabla ya saa tano.

Uzito sasa. Trela inatakiwa ilalie gari kidogo, asilimia 7 mpaka 10 ya uzito wote uwe kwenye pua, pale mbele trela inaposhikana na gari, yani boti na trela vikiwa kilo 800 basi pua ibonyeze kilo 56 mpaka 80. Unapima kwa mzani wa kawaida wa kupimia watu, weka kigogo juu yake kifike kimo cha pale gari linaposhika trela, shushia pua hapo usome. Ikiwa nyepesi, trela inaanza kuyumba kama mkia wa nyoka ukifika mwendo, na kinachosababisha mara nyingi ni mashine nzito pale tezi na madumu ya mafuta yamerundikwa hukohuko. Sogeza madumu na nanga mbele, au sogeza boti yenyewe. Ikikuyumbia njiani usikanyage breki kwa nguvu na usipigane na usukani, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, itatulia yenyewe.

Ile gololi ya chuma ya kuvutia nyuma ya gari ina saizi imeandikwa juu yake, na mdomo wa trela pia umeandikwa, viwe sawa. Ukishafunga, jaribu kuinua pua kwa kile kigurudumu cha mbele, nyuma ya gari ikipanda kidogo ujue imeshika, ikichomoka bora ichomoke hapo nyumbani. Minyororo ya usalama miwili ipishanishe chini ya pua kama msalaba, ili pua ikidondoka idondokee kwenye minyororo isichimbe lami. Boti nayo usiiachie winchi peke yake, tia mkanda mwingine wa racheti pale tezi, na mashine iwekee gogo la kuilalia, maana kila shimo linaitingisha na nguvu yote inaenda kwenye ubao wa nyuma wa boti.

Ukitoka mjini kuelekea Segera simama Pongwe. Gusa habu zote mbili kwa mgongo wa mkono: vuguvugu sawa, lakini ukishindwa kuuacha mkono pale kuna jambo. Angalia mikanda, inalegea siku zote. Muheza rudia, na kama ulitoa magurudumu karibuni kaza nati tena. Tairi za trela haziishi kwa kutembea, zinaisha kwa jua, ivo usitazame kashata (meno ya tairi) peke yake, tazama nyufa za ubavuni na ile tarehe ya namba nne, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Na spea iwepo yenye upepo, spana uijaribu kabla kama inaingia kwenye nati za trela, nyingi haziendani na za gari.

Kurudi nyuma shika usukani kwa chini, mkono ukienda kushoto trela inaenda kushoto, polepole tu. Sehemu nyingi huku tunashushia mchangani, na bamvua, siku za maji makubwa, maji ya Tanga yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, ukienda yamekupwa utasukuma trela kwenye tope mpaka uchoke. Nenda maji yakijaa, yakiwa yamebakiza kama saa moja. Pikapu ibaki mchanga mgumu, unganisha kamba ndefu, tia mawe nyuma ya tairi za gari, na asisimame mtu yeyote nyuma ya trela wala usawa wa kamba iliyokazwa, hasa watoto wanaokuja kusaidia.

Ukirudi nyumbani ioshe kwa maji ya bomba siku ileile, sio kesho. Mwagia zaidi kwenye springi, katikati ya majani yake, na kwenye yubolti, kutu inaanzia hapo, zikikauka piga mafuta kwa brashi. Kama chesesi ni ya bomba za mraba, ingiza mpira wa maji ndani kabisa, na hakikisha kuna tundu la kutolea maji upande wa chini. Mi nikimaliza natoa nguruzi, nainua pua ya trela juu ya tofali mbili ili omo ipande, mvua ikinyesha usiku maji yatoke yenyewe kwa nyuma.