Ofisi ya serikali imeanika data yako: jinsi ya kulalamika Kenya hadi upate uamuzi

Jina kamili, namba ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu. Mtu akivipata vyote vinne kwa pamoja anaweza kusajili laini kwa jina lako, kukopa kwa simu deni ambalo utalijua siku unapokataliwa mkopo wako mwenyewe, au kuzungumza na mhudumu wa benki akijifanya wewe. Na mahali ambapo vyote vinne hukaa pamoja, mara nyingi, ni kwenye faili la serikali. Benki ikikuudhi unahama. Ofisi ya usajili wa watu huwezi kuihama, wala hospitali ya kaunti iliyo peke yake katika eneo lenu. Kwa hiyo inapokosea, haitoshi kunung'unika. Kuna njia ya kisheria, na mwananchi wa kawaida anaweza kuifuata bila wakili.

Kabla ya yote, ondoa wazo kwamba sheria hii ni ya kampuni tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabana wote wanaokusanya data, zikiwemo wizara, kaunti na mashirika ya umma. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah wa Mahakama Kuu aliamua kwamba serikali ilivunja sheria hiyo kwa kuanza kutoa kadi za Huduma, yaani vitambulisho vipya vya kidijitali, bila kwanza kutathmini athari zake kwa data ya wananchi. Ofisi ikikwambia "sisi ni serikali, hayo hayatuhusu", jibu ni hilo.

Kwanza, funga milango

Malalamiko huchukua miezi. Mwizi wa utambulisho hahitaji hata siku nzima. Ukishajua data yako imevuja, shughulikia haya kabla ya kuandika barua yoyote.

Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta namba usiyoijua, nenda duka la kampuni ya simu husika na kitambulisho halisi, waifunge, na uombe uthibitisho wa maandishi kwamba imefungwa. Kama unatumia Safaricom, piga *100*100# ili laini yako isiweze kubadilishwa kwa wakala yeyote tu. Anayeiba laini huwa anafuata pesa za M-Pesa na ujumbe wa namba za siri unaotumwa na benki, kwa hiyo usiahirishe hatua hii.

Kisha omba ripoti yako ya mikopo kutoka kwa mashirika yaliyopewa leseni na Benki Kuu: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja ya bure kila mwaka. Isome mstari kwa mstari, pamoja na yale madeni madogo ya programu za mikopo, kwa sababu mara nyingi ndipo tapeli hujaribia. Ingia pia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uangalie kama umeandikishwa chama cha siasa. Juni 2021 Wakenya wengi walijikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo, na walijua tu kwa sababu waliamua kuangalia.

Ukikuta dalili yoyote kwamba mtu ameshatumia jina lako, nenda kituo cha polisi ukaandikishe kwenye OB, daftari la matukio, na upewe namba, halafu uombe abstrakti, yaani hati ya polisi inayothibitisha ripoti yako. Mwambie afisa wazi kwamba unaripoti wizi wa utambulisho. Ni kosa chini ya kifungu cha 29 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, na adhabu yake ni faini isiyozidi Sh200,000 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hiyo namba ya OB utaihitaji mkopeshaji atakapokuandama kwa deni lisilo lako.

Kusanya ushahidi, usiusambaze

Kama data imewekwa mtandaoni, piga skrinishoti inayoonyesha anwani ya ukurasa, tarehe na saa. Kama ni karatasi, tuseme orodha ya waombaji wa basari iliyobandikwa ukutani kwenye ofisi ya chifu ikiwa na namba za vitambulisho na simu za wazazi, piga picha inayoonyesha ukuta wenyewe, mlango wa ofisi, kisha mstari wenye jina lako kwa karibu. Na kama nakala ya kitambulisho chako imekurudia ikiwa imefungiwa njugu, hifadhi karatasi yenyewe kwenye bahasha, andika uliipata wapi na lini, na uangalie nyuma yake. Muhuri au namba ya faili huonyesha ilitoka ofisi gani.

Usiipeleke picha hiyo kwenye makundi ya WhatsApp, hata kama una hasira. Kwenye orodha ile kuna wengine ambao nao wameanikwa, na ukisambaza unawaumiza mara ya pili.

Jiulize pia kama uvujaji ulitoka serikalini kweli. Wengi wetu huomba huduma za serikali kupitia saiba, yaani duka la intaneti, na kijana wa saiba hubaki na skani ya kitambulisho kwenye kompyuta, na wakati mwingine hata nywila ya akaunti. Ukimlalamikia asiyehusika utapoteza muda wako wote.

Iandikie ofisi yenyewe

Hatua hii watu huiruka, na mimi naiona ndiyo nguzo ya kesi nzima. Unaweza kwenda moja kwa moja kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data, anayesimamia sheria hii, lakini ukifika ukiwa na barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, na tarehe ambayo ofisi ilipaswa kujibu ikapita kimya, kosa la pili limeshajithibitisha lenyewe.

Kifungu cha 26 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje, kuiona, kupinga itumike, kutaka isahihishwe, na kutaka ya uongo au ya kupotosha ifutwe. Kanuni za 2021 za sheria hiyo zimeweka muda: ombi la kuona data lijibiwe ndani ya siku 7, bila malipo, la kusahihisha au kufuta, ndani ya siku 14. Kuna fomu zake, DPG 2 ya kuona, DPG 3 ya kusahihisha na DPG 5 ya kufuta. Ambatisha fomu na barua fupi. Mfano huu unatosha:

"Kwa Mkuu wa Ofisi. Yah: Ombi la kuona data yangu na maelezo kuhusu uvujaji. Tarehe fulani niliona jina langu, namba ya kitambulisho na namba ya simu kwenye orodha iliyobandikwa nje ya ofisi yenu. Picha imeambatishwa. Naomba nielezwe kwa maandishi: mna data gani yangu, mlimpa nani, lini na kwa sababu gani, na kama mlimwarifu Kamishna wa Data kuhusu uvujaji huu, na tarehe mliyofanya hivyo. Naomba pia orodha iondolewe mara moja."

Hilo swali la tarehe ya kumwarifu Kamishna lina uzito kuliko linavyoonekana. Chini ya kifungu cha 43, ofisi ikijua data imefikiwa na asiyeruhusiwa, na kuna hatari ya kweli ya mtu kudhurika, ina saa 72 kumwarifu Kamishna, na lazima imwarifu mwenye data pia. Ofisi ikijibu kwamba haikuarifu, imekiri. Ikinyamaza, unalipeleka swali hilohilo mbele.

Chapisha nakala mbili. Moja waipokee, nyingine waipige muhuri na tarehe uondoke nayo. Karani akikataa kupiga muhuri, tuma kwa barua pepe rasmi ya ofisi au kwa rejista ya posta, uhifadhi risiti. Wakihitaji kukutambua, waonyeshe kitambulisho halisi. Ikibidi uache nakala, andika kwa kalamu kukatiza juu yake: "Kwa ombi la kuona data pekee", pamoja na tarehe, ili isiweze kutumika mahali pengine.

Malalamiko kwa Kamishna wa Data

Muda ukipita, au jibu likiwa la kukuzungusha, nenda kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ilianza kazi baada ya Kamishna wa kwanza, Immaculate Kassait, kuapishwa Novemba 2020. Makao makuu yako Britam Tower, Upper Hill, Nairobi, na malalamiko hupokelewa pia kupitia tovuti ya odpc.go.ke na barua pepe. Hulipi chochote, anayekudai ada ni tapeli. Hata asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, ofisi imwandikie. Mwingine anaweza kukuwakilisha, na kanuni zinaruhusu kulalamika bila kutaja jina. Njia hiyo inamfaa mfanyakazi wa ofisi husika anayeogopa kupoteza kazi, lakini kama unataka fidia, jitaje.

Fomu inaitwa DPC 1. Sehemu ya mlalamikiwa andika taasisi kwa jina lake kamili, si jina la karani aliyekujibu vibaya. Sehemu ya maelezo ndiyo inayoharibu malalamiko mengi, kwa sababu mtu huandika: "Walitumia data yangu bila idhini yangu." Dhidi ya serikali hoja hiyo peke yake ni dhaifu. Kifungu cha 30 kinaruhusu data kuchukuliwa bila idhini pale sheria inapoagiza au kazi ya umma inapohitaji, na wakili wa serikali atalisema hilo kwenye aya yake ya kwanza.

Jenga hoja yako juu ya kifungu cha 25, kinachoweka misingi ya kushughulikia data. Je, data iliyokusanywa kwa kazi moja imetumiwa kwa nyingine? Je, walikusanya au kuanika zaidi ya ilivyohitajika? Kutangaza walioshinda basari kungeweza kufanyika kwa majina na shule. Namba ya kitambulisho ya mzazi ilikuwa ya nini? Je, imehifadhiwa muda mrefu kupita haja yake? Je, walichukua hatua za usalama ambazo vifungu vya 41 na 42 vinadai? Hoja hizi hazijibiwi kwa kusema "tuna mamlaka". Wakikimbilia usalama wa taifa, ni kweli kifungu cha 51 kinatoa msamaha huo, lakini karatasi ya basari ukutani haina uhusiano nao.

Eleza madhara kwa vitu vinavyoonekana: laini iliyosajiliwa, deni na tarehe yake, namba ya OB, simu za matapeli zilizoanza baada ya siku fulani. Taja pia hofu na usumbufu kama umeupata, kwani kifungu cha 65 kinatambua madhara yasiyo ya pesa. Mwisho wa fomu sema unachotaka: orodha iondolewe, mfumo urekebishwe, wewe uarifiwe rasmi, ulipwe fidia. Usipoomba fidia, usitarajie kupewa.

Siku 90

Mlalamikiwa hupewa siku 21 kujibu. Kamishna anaweza kupendekeza mkae mezani kupatana. Kubali kama unachotaka zaidi ni kusahihishiwa rekodi, kwa kuwa ni haraka, ila makubaliano yaandikwe na kutiwa sahihi. Kama deni limeshachukuliwa kwa jina lako na ofisi inakana kila kitu, mimi ningeomba uamuzi.

Kifungu cha 56 kinataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Weka tarehe hiyo kwenye kalenda na uulize maendeleo kwa maandishi siku ya 30 na ya 60. Mahakama Kuu imewahi kufuta uamuzi wa Kamishna kwa sababu ulitolewa baada ya siku hizo kupita, kwa hiyo ucheleweshaji unaweza kukunyang'anya ushindi wako. Ukiombwa hati ya ziada, ipeleke siku hiyohiyo.

Kamishna akikubaliana nawe anaweza kutoa amri ya utekelezaji, kutoza faini ya hadi Sh5 milioni, kuagiza fidia au kupendekeza mashtaka. Si vitisho vitupu: Septemba 2023 shule moja ya binafsi ilitozwa Sh4.55 milioni kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Faini hiyo haiingii mfukoni mwako. Chako ni fidia. Usiporidhika, kata rufaa Mahakama Kuu bila kukawia, na hapo sasa tafuta wakili.

Ukipewa fidia dhidi ya wizara, huwezi kutuma dalali wa mahakama akachukue magari yake, kwa sababu Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali inazuia mali ya serikali kukamatwa. Utahitaji cheti cha amri kutoka mahakamani, kimfikie Mwanasheria Mkuu na afisa mhasibu wa wizara. Wakikaa kimya, unaomba amri ya mahakama ya kumlazimisha afisa huyo alipe, na akikaidi anaweza kushtakiwa kwa kudharau mahakama.