Jinsi ya kupiga paipini ya kwilti kwa cherehani tu, hadi kona zikae

Haya mafundi, leo ni paipini, ule utepe wa kitambaa unaofunika kingo, ya kwilti (blanketi lenye pamba katikati) ya viraka vya vitenge, na yote tunapiga kwa cherehani, hakuna kushona mkono. Tunaanzia nyuma tunamalizia mbele, ili ule mshono wa mwisho upite pale unapouona.

Nyoosha kingo kwanza, pamba isichungulie. Kata vipande vya paipini vya upana wa inchi 2 na nusu, unga kimshazari (ukiunga wima panakuwa na nundu), kisha kunja katikati kwa urefu upige pasi. Kwilti ya inchi 60 kwa 70 inakula vipande 7 vya kitenge cha upana wa inchi 44, nusu yadi inatosha kwa kubana. Kitenge kifuliwe kabla, hasa chekundu, kikija kuchuja baadae utalia.

Sindano namba 14, mshono urefu wa milimita 3. Laza paipini upande wa nyuma, kingo mbichi (zisizokunjwa) pamoja, anzia katikati ya upande, acha mkia wa paipini wa inchi 8 bila kushona, na shona sentimita 1 kutoka ukingoni. Nimesema senti sio robo inchi, ukishona robo paipini inakuja pana sana huku mbele.

Kona ndo penyewe. Simama sentimita 1 kabla ya mwisho, zamisha sindano, geuza kazi ushone mshazari hadi ncha ya kona, kata uzi. Sasa paipini ikunje kwenda juu halafu ishushe, mkunjo ulingane na ukingo wa juu, uanze tena kutokea juu kabisa.

Ukirudi ulikoanzia acha wazi kama inchi 10. Mikia ipishane inchi 2 na nusu, upana ule ule wa kipande, ziada kata, fungua mikunjo, unga kimshazari, ila bana kwa pini ujaribu kwanza maana ikijinyonga unafumua.

Geuza mbele, bana kwa vibanio vya nywele, mkunjo ufunike mshono wa kwanza kidogo tu, shona milimita 2 kutoka kwenye mkunjo. Uzi wa juu ufanane na paipini, wa bobini ufanane na kitambaa cha nyuma. Kwenye kona zungusha gurudumu kwa mkono, na kama tabaka zinasukumana legeza skrubu ya kile kimguu cha cherehani kinachokandamiza kitambaa.