Somo: Jinsi ya kupata kazi yako ya kwanza ya kuandika programu za gemu

Wengi mnaniuliza mjifunze lugha gani ili studio iwaajiri. Lugha ina umuhimu wake, lakini anayekusaili anataka kwanza kuona gemu uliyoimaliza. Hata iwe ndogo kiasi gani, iwe na menyu, ichezeke, iwe na kushinda na kushindwa, na isikwame mchezaji akibonyeza vitufe ovyo.

Hatua ya 1: Chagua injini moja, tulia nayo

Injini ni programu inayokupa msingi wa kutengenezea gemu. Unity inatumia lugha ya C#. Unreal inatumia C++. Godot ni ya bure, msimbo wake (maandishi ya programu) uko wazi kwa wote, na ina lugha yake nyepesi, GDScript. Ukilenga studio kubwa, C++ utakutana nayo tu. Kwa anayeanza, C# inatosha. Usihamehame kila mwezi.

Hatua ya 2: Tengeneza gemu ndogo hadi mwisho

Mwaka 1972 Allan Alcorn, akiwa mgeni kazini Atari, alipewa Pong kama zoezi tu la kujifunzia, na zoezi hilo likawa gemu iliyouzwa. Nawe anza hapo: mpira, vibao viwili, hesabu ya pointi. Ukianza na dunia kubwa ya wachezaji maelfu mtandaoni, miezi sita itapita na huna cha kumwonyesha mtu.

Hatua ya 3: Elewa kinachotokea ndani ya fremu moja

Hapa ndipo mtu anapotofautiana na wenzake. Fremu ni picha moja kati ya zile zinazofuatana haraka kwenye skrini. Gemu ya fremu 60 kwa sekunde ina takriban milisekunde 16.7 za kumaliza kila kitu: kusoma vitufe, kusogeza wahusika, kukagua migongano, kuchora. Mwanafunzi mmoja aliniletea gemu ambayo mhusika wake alikimbia vizuri kwenye kompyuta yake, ila kwenye yangu alikimbia kwa kasi mara mbili. Alikuwa anamsogeza kiasi kilekile kila fremu. Kompyuta yake ilitoa fremu 60, yangu 120. Alipozidisha mwendo kwa muda uliopita tangu fremu ya nyuma, tatizo likaisha.

Kisha jaribu hili. Risasi ya mita 300 kwa sekunde, kwa fremu 60, inaruka mita 5 kila fremu. Ukuta wa sentimita 20 ukiwa katikati, injini inaikuta risasi upande huu, halafu inaikuta upande wa pili, wala haioni mgongano. Dawa yake ni kukagua mstari mzima, kuanzia risasi ilipokuwa hadi ilipofika. Hitilafu kama hizi ziandike: uliionaje, uliitafutaje, uliitibu vipi. Maelezo hayo yana uzito kuliko cheti.

Hatua ya 4: Weka kazi yako mahali inapoonekana

Msimbo uweke GitHub (tovuti ya kuhifadhi msimbo), gemu yenyewe itch.io (tovuti ya kuchapisha gemu), na video ya dakika moja inayoanza moja kwa moja na mchezo. Shiriki Ludum Dare, iliyoanza 2002, au Global Game Jam, iliyoanza 2009. Humo mnatengeneza gemu kwa siku chache tu, na ukiingia na timu utajua kutumia Git, chombo cha kufuatilia mabadiliko ya msimbo, pamoja na watu wengine, jambo ambalo kazini ni la kila siku.

Hatua ya 5: Omba, kisha jiandae kueleza

Usiombe nafasi za kubuni mchezo peke yake. Wapo wanaoandika zana za ndani ya studio, menyu, sauti, mtandao. Katika usaili wangu wa kwanza nilioneshwa mistari ya msimbo wangu mwenyewe nikaulizwa kwa nini niliiandika hivyo. Nilikuwa nimeinakili mahali. Nilinyamaza, na kazi sikuipata. Tangu siku hiyo sipeleki mstari nisioweza kuueleza.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, lazima niwe na shahada?
Jibu: Inasaidia, lakini matangazo mengi huandika "shahada au uzoefu unaolingana". Gemu zilizokamilika ndizo uzoefu wako.

Swali: Mimi kuchora sijui kabisa. Nifanyeje?
Jibu: Tumia miraba na duara, au michoro ya gemu ya tovuti ya Kenney inayotolewa bure. Andika wazi kipi umetengeneza wewe na kipi umechukua.

Swali: Samahani mwalimu, hesabu zipi hasa?
Jibu: Vekta (namba zinazoonyesha mwelekeo na umbali) kwanza, kisha trigonometria na matrisi. Mfano, dada yangu: adui atajuaje kama mchezaji yuko mbele yake? Chukua vekta ya anakotazama na vekta ya kutoka kwake hadi kwa mchezaji. Zidisha x kwa x, y kwa y, z kwa z, ujumlishe. Jibu likiwa chanya, yuko mbele. Likiwa hasi, yuko nyuma.

Swali: Nimetuma maombi mengi, sijajibiwa hata moja.
Jibu: Pole sana ndugu yangu, najua inavyochosha. Mpe rafiki kiungo chako, ukae kimya umtazame. Akishindwa kuifungua gemu ndani ya dakika mbili, anza kurekebisha hapo kabla ya kutuma ombi lingine.