Kurina asali na kuchuja nta ukiwa Dar

Mizinga yangu iko Chanika, chini ya mikorosho, mbali na njia ya watu. Siku ya kurina napita kwanza kwa majirani kuwaambia: mbuzi wasifungwe karibu, watoto wabaki ndani jioni hiyo. Nyuki wa pwani ni wakali, na wakishachokozwa hawachagui wa kumfukuza.

Anza jua linapozama. Vaa suti ya nyuki, glavu na buti. Bomba la moshi nalijaza makumbi makavu ya nazi, maana hayaishi upesi na moshi wake ni mzito, wa baridi. Puliza mlangoni mara chache, subiri kidogo, ndipo ufungue. Ukizidisha, asali itanuka moshi na hakuna dawa.

Inua kiunzi, yaani kipande cha mbao kinachobeba sega, kimoja kimoja. Sega liache lining'inie hivyohivyo. Ukililaza litakatika, hasa kwa joto letu. Rina lile ambalo nyuki wameshafunika kwa nta angalau robo tatu ya vyumba vyake. Hapa usiwe na pupa. Asali ya vyumba vilivyo wazi bado ina maji mengi, na unyevu ukizidi asilimia 20 itachacha. Lenye majana, yaani watoto wa nyuki, lirudishe, na nyuki wenyewe waachie asali ya kutosha, kwani mvua za masika huwazuia kutoka kutafuta chakula.

Kata kwa kisu, ukiacha ukanda mwembamba kwenye kiunzi ili waanzie hapo kujenga upya. Tia kwenye ndoo safi na kufunika kila mara. Hewa ya Dar ina unyevu, na asali iliyokaa wazi huunyonya.

Nyumbani, ponda masega kwa mwiko, yamimine kwenye kitambaa safi cha chandarua kisicho na dawa, juu ya ndoo nyingine, funika, uache usiku kucha. Usiipashe motoni ili ichuruzike haraka. Harufu ya maua itapotea, nayo ndiyo utamu wenyewe. Ikitulia siku mbili, engua povu, kisha jaza chupa zilizokauka kabisa. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asipewe asali.

Makapi usiyatupe. Yasuuze kwa maji baridi, yafunge kwenye kitambaa cha pamba, uyatumbukize kwenye sufuria kuukuu yenye maji, moto mdogo. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, kwa hiyo maji hayana haja ya kuchemka. Usiondoke jikoni, maana nta hushika moto. Kandamiza kifuko kwa mwiko, nta itoke na kuelea. Epua, iache ipoe yenyewe bila haraka. Ikiganda, iinue juu ya maji na kukwangua uchafu ulioshikamana chini yake. Kipande kidogo kisugue kwenye viunzi vya mzinga mtupu, harufu yake huvuta kundi jipya.