Grili ya peleti nyumbani: itunze kwanza, ndo uanze kuiapgredi

Watu wengi wakishakaa na grili ya peleti miezi miwili mitatu wanaanza kuulizia kontrola mpya (kile kifaa cha umeme kinachoongoza joto), feni kubwa, wavu mwingine, na ukiwauliza kwa nini wanakwambia joto linarukaruka, moshi haueleweki, moto unazima nyama ikiwa katikati. Nimeona hii mara nyingi sana na karibu kila mara shida ni majivu na unyevu, sio kontrola. Kwa hiyo naanza na hayo mawili, vipuri vitakuja baadaye.

Kwanza ujue inafanyaje kazi, ukielewa hapa mengine yote yanakuwa mepesi. Hii ni mashine ya umeme inayochoma kuni. Peleti ni vumbi la mbao lililogandamizwa kwa nguvu mpaka likashikana lenyewe, zinakaa kwenye tangi la pembeni, chini ya tangi kuna skrubu ndefu inayozungushwa na mota ndogo, inasukuma peleti kidogokidogo mpaka kwenye kikombe cha moto. Mle kuna kiwashio, kifimbo kinachopata moto mkali dakika chache za mwanzo halafu kinajizima, na feni inapuliza hewa muda wote. Ndani ya grili kuna sensa inapima joto, kontrola inasoma ile sensa ndo inaamua skrubu izunguke au isubiri. Basi, ni hivyo tu. Joe Traeger ndo alizianzisha huko Oregon, Marekani, miaka ya 1980, na patenti yake ilipoisha mwaka 2006 kampuni nyingine nyingi zikaingia.

Ukiinunua mpya usikimbilie kuweka nyama. Iwashe tupu, ipandishe mpaka joto la juu kama dakika 45 ili mafuta ya kiwandani yaungue, harufu mbaya ikiisha ndo uko tayari.

Sasa unyevu. Peleti ikipata maji inavimba inarudi kuwa vumbi, na lile vumbi likikaukia ndani ya bomba la skrubu linakuwa gumu kama saruji, mota inahangaika mpaka pini inayoshikilia skrubu inakatika (ile pini imewekwa makusudi ikatike yenyewe kabla mota haijafa, kwa hiyo usije ukaweka msumari mgumu badala yake). Ukimaliza kupika na unajua utakaa wiki nzima bila kuiwasha, toa peleti zote kwenye tangi ukaziweke kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana. Kabla ya kupika chukua peleti moja uivunje kwa vidole: nzuri inakatika na sauti, inang'aa ng'aa kwa nje, mbovu inapondeka tu kimya kimya. Na usitumie peleti za kupashia nyumba joto hata kama ni rahisi, zile hazikutengenezwa kwa ajili ya chakula, huwezi jua ndani kuna mbao gani.

Majivu nayo. Kila ukichoma kama kilo 20 za peleti fungua, toa wavu, toa trei ya mafuta, toa bamba la chini yake, fyonza majivu yote kwenye kikombe na sakafu ya grili. Iwe imepoa kabisa, ikiwezekana kesho yake, maana kaa moja tu likiingia kwenye mashine ya kufyonza vumbi linawasha mfuko. Kikombe kikijaa majivu hewa haipiti, kiwashio kinafunikwa, peleti zinaungua nusu nusu, na hapo ndo unaona joto linapanda na kushuka unalaumu kontrola. Ukiwa hapo hapo futa na ile sensa, ikiwa na koti la masizi inachelewa kusoma. Trei ya mafuta ikwangue au ivalishe foili, mafuta yaliyolala pale ndo chanzo cha moto mkubwa. Yakishika: chomoa umeme, acha kifuniko kimefungwa, na usimwage maji kabisa.

Kuna kitu kimoja nataka ukishike vizuri kwa sababu kilinitokea mwenyewe usiku mmoja na nilitetemeka. Moto ulizima katikati, mimi sijui, skrubu ikaendelea kusukuma peleti mpaka kikombe kikafurika, nilipoona joto limeshuka nikazima nikawasha tena papo hapo. Ule moshi mzito mweupe ulijaa mle ndani halafu ukawaka wote kwa mpigo, kifuniko kikaruka juu. Hakuna aliyeumia, ila tangu siku hiyo sheria yangu ni moja, moto ukizima wenyewe nachomoa, nasubiri ipoe, natoa nyama na wavu, namwaga kikombe, ndo nawasha upya. Hata ichukue nusu saa. Na ukimaliza kupika usichomoe plagi ghafla, bonyeza kuzima uache feni imalizie zile peleti zilizobaki, la sivyo moto unaweza kutambaa kurudi nyuma kwenye skrubu kuelekea tangini.

Ikigoma kuwaka na fyuzi inakatika kila ukiwasha, chomoa waya wa kiwashio peke yake ujaribu tena. Fyuzi ikivumilia, kiwashio ndo kimekufa, na hicho ni kipuri cha bei ndogo unabadilisha mwenyewe na bisibisi.

Haya, umeisafisha, peleti kavu, bado unataka kuiboresha. Mi ningeanza na kipimajoto kizuri cha nyama kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu joto la kwenye skrini ni la hewa pale sensa ilipo tu. Kijaribu kwanza kwenye maji yenye barafu nyingi, kisome 0. Kuku asitoke kabla ya digrii 74 ndani kabisa, na ile minofu migumu ya ng'ombe inayopikwa masaa mengi inalainika ikikaribia 93. Kwenye 65 mpaka 75 hivi joto la nyama litakwama hapo hapo masaa, jasho la nyama linaipoza, usipanik, haijaharibika.

Cha pili ndo kontrola, kama yako ni ya zamani. Zile zinaenda kwa saa tu, skrubu inazunguka sekunde 15 halafu inasubiri, tuseme sekunde 65, na zina namba ya P, ndo inayopanga huo muda wa kusubiri, ukiipandisha unarefuka, unapata moshi zaidi ila moto unakuwa karibu na kuzima. Kontrola ya kisasa, ile aina inayoitwa PID, inaangalia joto linaelekea wapi na kwa kasi gani, inapunguza au kuongeza mapema, tofauti utaiona siku ya kwanza. Ila kabla hujalipa angalia aina ya sensa, kontrola nyingine zinataka sensa ya PT100 nyingine ya PT1000, ukichanganya namba zote zitakuwa uongo. Na chomoa umeme kabla ya kugusa waya wowote.

Kuna jambo wengi hawaambiwi: PID inavyotuliza joto ndivyo na moshi unavyopungua, sababu moto unaungua safi. Dawa yake ni bomba la moshi, kibomba cha chuma chenye matundu, unalijaza peleti, unawasha ncha moja kwa tochi ya gesi, unaacha liwake kama dakika tano, unalizima kwa kulipuliza, linafuka lenyewe masaa matatu manne. Ni bei ndogo na kwangu limebadilisha ladha kuliko kitu chochote nilichonunua. Vilevile pika saa ya kwanza kwenye 95 mpaka 110, joto dogo ndo lenye moshi mwingi, na unaoutaka ni ule mwembamba wa rangi ya bluu.

Gasketi ya kifuniko inasaidia kama unaona moshi unavuja pembeni, na blanketi la kuzuia joto nunua tu kama unapika kwenye baridi kali. Wavu wa chuma cha kusubu chukua kama unapenda nyama yenye mistari, kwa sababu grili hizi zinapika zaidi kama oveni, ule ukali wa kuunguza juu hazina. Uache upate moto dakika 20 nzima, joto likiwa juu kabisa, ndo uweke nyama.