Kuondoa HICAS kwenye Skyline R32: kufunga reki ya nyuma bila kuua pampu

Gari likicheza mkia unapopishana na malori kwenye barabara ya Morogoro, usikimbilie kuagiza fimbo ya kufungia, yaani chuma kinachowekwa badala ya reki ya HICAS inayogeuza magurudumu ya nyuma. Piga jeki nyuma, shika tairi mbele na nyuma kwa mikono miwili, litikise kama unageuza usukani, na mwenzako aweke kidole kwenye boljointi ya tairodi ya nyuma. Ikigonga hapo, ugonjwa ni boljointi, na fimbo haitautibu. Lakini kama boljointi imetulia na mchezo unaonekana kwenye shafti ya reki yenyewe, au reki inatoka oili kwenye buti zake, hapo kufunga kuna maana. Vumbi la Dodoma humaliza buti hizi mapema: jua linapasua raba, mchanga unaingia, sili inachanika.

HICAS ni mfumo wa Nissan wa kugeuza magurudumu ya nyuma kidogo gari likiwa kwenye mwendo. Aina iitwayo Super HICAS ilitoka mwaka 1989, na R32 inaitumia ya oili. R33 na R34, Skyline zilizofuata, zina ya mota ya umeme. Kiasi cha kugeuka ni kama nyuzi 1 tu, lakini kwenye rimu ya inchi 16 hiyo ni takriban milimita 7 kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma. Ndiyo maana reki iliyochoka inatisha kwenye mwendo wa kasi na haionekani kabisa ukiwa mtaani Area C.

Vitu vya kuandaa: fimbo ya kufungia ya gari lako hasa, kotapini mpya, ATF (oili ya giaboksi otomatiki) ya Dexron lita 2, hozipaipu ya haidroliki inayohimili presha, klipu za skrubu, vifuniko vya mabomba, dawa ya kulegeza kutu, pula ya boljointi, na stendi 4. Kama fimbo itachongwa hapa hapa, mpelekee fundi wa leithi reki na tairodi zenyewe apime uzi na urefu. Usikubali kipande cha nondo kilichochomelewa. Chuma hiki ndicho kitakachoshika uelekeo wa magurudumu ya nyuma, na kikikatika hutapata nafasi ya pili.

Wengine huacha reki mahali pake na kuvalisha ringi mbili za chuma kwenye shafti, moja kila upande, ili isisogee. Ni rahisi, lakini ringi lazima zilingane urefu. Moja ikizidi, shafti inakaa pembeni, magurudumu yote mawili ya nyuma yanaelekea upande mmoja na gari linatembea kimshazari kama kaa. Na reki inayovuja itaendelea kuvuja. Fimbo ni bora.

Kabla ya kufungua chochote, pima. Jaza upepo sawa kwenye matairi yote, weka gari kwenye sakafu iliyonyooka, vuta kamba kila upande ikiwa sambamba na mwili wa gari, kisha pima umbali kutoka kamba hadi ukingo wa mbele wa rimu ya nyuma na hadi ukingo wake wa nyuma. Andika. Vipimo hivi ndivyo vitakavyokurudisha karibu na mahali pazuri hadi ufike kwenye mashine ya alaimenti. Hesabu pia nyuzi za tairodi zinazoonekana kila upande.

Usiku wa kabla ya kazi nyunyizia dawa ya kutu kwenye nati zote. Hewa yetu ni kavu, lakini gari lililokaa mikoa ya theluji huko Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, huja na kutu yake tayari. Siku ya kazi chomoa betri, inua gari, weka stendi chini ya chasisi. Usiingie chini ya jeki peke yake hata kwa dakika moja.

Nyonya oili yote kwenye kopo la pawa stelingi. Toa kotapini na ulegeze nati za boljointi za nje, lakini ziache zimeshika nyuzi chache ili tairodi isikurukie usoni. Tumia pula. Ikigoma, acha pula ikiwa imekazwa, kisha gonga ubavu wa jicho linaloshika msumari wa boljointi. Ukigonga msumari wenyewe, uzi unavimba na nati hairudi.

Mabomba ya reki yafungue kwa spana ya mabomba, ile yenye mdomo uliokatwa, si spana ya kawaida inayomung'unya kona. Weka trei chini na uzibe kila bomba papo hapo, maana punje moja ya mchanga ikifika kwenye pampu ni hasara. Chomoa soketi za waya, legeza raba za ekzosti kama bomba lake linazuia, kisha toa bolti zinazoshika reki kwenye krosimemba (fremu ya chuma iliyo chini ya nyuma ya gari). Reki ni nzito. Mtu wa pili aishike.

Boljointi za nje zichunguze sasa zikiwa wazi. Zikiwa zimelegea, zibadilishe kwa presi, si kwa nyundo. Kisha funga fimbo, rudisha tairodi kwa idadi ile ile ya nyuzi, na kaza kwa toki renchi kwa vipimo vya kitabu cha gari.

Sasa oili, na hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Pampu ya R32 ina sehemu mbili: moja inalisha usukani wa mbele, nyingine inalisha HICAS. Ukiondoa reki ya nyuma, sehemu ya pili bado inasukuma oili kila injini inapozunguka. Ukiziba tundu lake la kutolea kwa bolti, oili haina pa kwenda: presha inapanda hadi vali ya usalama, oili inachemka na kuwa nyeusi, pampu inaanza kulia, halafu inakufa. Kwa hiyo usizibe. Unganisha tundu hilo la kutolea na njia ya kurudi ya HICAS inayoingia kwenye kopo, ili oili izunguke bila kizuizi. Hozipaipu isikunjike kwa kona kali na isiguse ekzosti. Njia safi zaidi ni kufunga pampu ya tundu moja kutoka gari lisilo na HICAS, ukiipata. Hakikisha tu puli yake inalingana na mkanda.

Jaza ATF. Magurudumu ya mbele yakiwa hewani na injini imezimwa, zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho mara kumi au zaidi huku ukiongeza oili. Kisha washa na urudie taratibu. Usiushikilie mwishoni zaidi ya sekunde 15. Povu kwenye kopo au mlio wa kuzomea maana yake bado kuna hewa: zima, subiri povu litulie, endelea.

Taa ya HICAS itawaka kwenye dashibodi. Kishawishi ni kuchomoa kontroli boksi ya HICAS, lakini boksi hilo hilo ndilo linalosimamia uzito wa usukani kulingana na mwendo, na ukilichomoa usukani unaweza kuwa mzito mno wakati wa kuegesha. Liache limechomekwa, jaribu gari, na kama kinachokukera ni taa tu, toa balbu yake.

Kwenye R33 na R34 hakuna oili huko nyuma: chomoa soketi ya mota, toa reki, weka fimbo. Suala la boksi na uzito wa usukani ni lile lile.

Shusha gari na upime kwa kamba tena. Magurudumu ya nyuma yaelekee ndani kidogo, jumla ya milimita 1 hadi 3, kila upande sawa. Yakielekea nje, usitoke nalo barabarani. Kwenye mashine, mwambie fundi aanze na nyuma ndipo aende mbele. Akianza mbele, atanyoosha usukani kufuata magurudumu ya nyuma yaliyopinda. Baada ya kilomita 50 hadi 100 rudi chini ya gari: kagua nati na kotapini, angalia kila kiungo cha hozipaipu kama kuna unyevu uliokusanya vumbi, na uongeze oili ikiwa imeshuka.